Ukwangala na Meza ya Bwana: Khitilafu za Imani Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Sisi watu wa visiwani Kyela twaijua kwa mchele wake. Upikwapo, jirani hujua kabla ya kualikwa. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuuliza nchi utokako mchele huo ni nchi ya namna gani na wakaazi wake wanaamini nini. Na ni wachache zaidi waliouliza watu hao huishije pamoja wanapokhitilafiana katika hilo wanaloliamini. Suala hili la mwisho ndilo lililonishughulisha, kwa kuwa nalo si geni kwetu. Sisi pia tumeona watu wa msikiti mmoja wakagawanyika kwa jambo la maulidi, na tumeona ndugu wa chini ya paa moja wakafuturu siku mbalimbali kwa sababu huyu kauamini mwezi alioambiwa na yule hakuuamini. Basi si vibaya kutazama wengine wamefanyaje, hata kama imani yao si yetu.

Makwale ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kyela, katika tambarare iliyo baina ya ziwa na milima. Upande wa mashariki safu ya Livingstone huanguka karibu wima hadi majini; upande wa kaskazini nchi hupanda taratibu kuelekea Tukuyu na Mlima Rungwe. Mvua ni nyingi mno, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka na udongo wake, na watu hulima mpunga, migomba na kakao. Ni nchi ya Wanyakyusa, na zamani yote ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Apitaye huko siku ya Jumapili atasikia kwaya za Wamoravian, za Walutheri, za Wakatoliki na za Wapentekoste, na aghalabu atakuta kwamba waimbaji wa kwaya hizo zilizo mbalimbali ni watoto wa mzee mmoja.

Ili kuelewa walivyofika hapo, hatuna budi kuanza na neno moja la Kinyakyusa ambalo Kiswahili chetu hakina mfano wake halisi: ukwangala. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia mume na mke waliokaa na kufanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walilikuta kila walikokwenda. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951, miaka saba baada ya kufiwa na mumewe, kinaitwa Good Company, na jina hilo ni jaribio la kulifasiri neno hilo. Ukwangala ni kukaa na wenzio kwa raha: kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao, kusaidiana nao, na katika kuzungumza huko kujifunza adabu na busara ambazo mtu akaaye peke yake hazipati. Wanyakyusa waliijenga jamii yao yote juu ya jambo hilo. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wa rika lake, na kijiji hicho cha watoto kilikuja kuwa kijiji cha watu wazima, wakakaa pamoja hadi uzeeni. Walipokuwa wadogo walikula kwa zamu: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja hatuhitaji kuelezwa sana maana ya hayo. Na katika fikira zao mchawi alikuwa kwanza kabisa mlafi, mtu ambaye roho yake hutamani nyama na maziwa ya wenziwe.

Jambo la pili alilolieleza Monica Wilson, nami naliona ni zito zaidi, lahusu hasira. Kwa Wanyakyusa hasira iliyofichwa moyoni baina ya watu wa ukoo mmoja ilikuwa sumu. Iliweza kuleta maradhi, utasa na mauti hata kama mwenye nayo hakutamka neno. Kwa hiyo palipokuwa na tambiko la ukoo, watu walitakiwa kwanza waseme. Aliyekuwa na jambo na nduguye alilitoa mbele ya wote, nao walipuliza maji kutoka kinywani kuwa ishara kwamba kifua kimekuwa safi. Kusema tu kwamba yamekwisha, ilhali moyoni hayajesha, kulihesabiwa kuwa hatari kuliko ugomvi wenyewe. Tena tambiko lilitaka wote wawepo. Ndugu mmoja akikataa kushiriki, madhara hayakuwa yake peke yake. Yaliweza kumfika mtoto wa dada yake.

Msomaji ataona mara moja ugumu uliokuwa mbele. Katika nchi ambayo kujitenga kwa mmoja kwahatarisha wote, imani haiwezi kuwa siri ya mtu na Mola wake. Mkristo wa kwanza aliyesema kwamba hatashiriki tambiko la baba yake hakuonekana kuwa mtu mwenye maoni mengine. Alionekana kuwa mtu anayewaua nduguze.

Wamisionari walifika mwaka 1891, makundi mawili kwa wakati mmoja, wote Wajerumani na wote kwa njia ya Zambezi, Shire na ziwa. Kundi moja lilikuwa la Kilutheri, la chama cha misioni cha Berlin, likiongozwa na Alexander Merensky. Jingine lilikuwa la Wamoravian, nao kiongozi wao alikuwa Theodor Meyer, na kituo chao cha kwanza kilikuwa Rungwe. Walikubaliana kugawana nchi, Waberlini mashariki na Wamoravian magharibi, jambo lililokuwa rahisi kwao kwa kuwa mstari waliupiga wao. Wanyakyusa waliokuwa wakioleana kuvuka mstari huo hawakuulizwa. Hivyo ikawa mtu ni Mlutheri au Mmoravian kwa sababu ya upande wa mto aliozaliwa, kabla hajasikia hata hoja moja iliyowatenganisha Walutheri na Wamoravian huko kwao Ulaya.

Na hoja hizo zilikuwepo. Wamoravian ni kanisa linalojihesabu kutoka mwaka 1457, miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415. Baada ya mateso ya muda mrefu mabaki yao walikimbilia mwaka 1722 katika ardhi ya bwana mmoja wa Kijerumani, Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Walikuja na wengine wasiokuwa wa mafundisho yao: Walutheri, wafuasi wa Calvin, wafuasi wa Schwenkfeld, na watu wasiotaka kanisa lolote. Kufikia mwaka 1727 walikuwa wamegombana hata kijiji kikawa karibu kuvunjika. Mwezi Mei wa mwaka huo walitia saini mapatano ya kuishi kidugu, na tarehe 13 Agosti wakaenda pamoja katika kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf wakala Chakula cha Bwana, na wagombanao wakapatana hapo. Wamoravian wa ulimwengu mzima huikumbuka siku hiyo mpaka leo. Hawakupatana kwanza katika kila fundisho ndipo wakala. Walikula, na khitilafu nyingi za mafundisho zikabaki.

Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwani mtu aliyejua ukwangala angeielewa siku ile ya Agosti kuliko mwanachuoni yeyote wa Berlin.

Hapa nafungua mabano kwa ajili ya wapenzi wa lugha. Kundi la waumini wa mahali pamoja Walutheri wa Tanzania huliita usharika, na Wamoravian huliita ushirika. Tofauti ni irabu moja tu, na nimesikia watu wakitambuana kwayo. Asili ni ileile ya Kiarabu iliyotupa shirika na kushiriki, na pia, kwa upande wetu, shirki, dhambi ya kumfanyia Mungu mshirika. Mzizi mmoja umezaa neno la kuwaweka watu pamoja na neno la kosa lisilosameheka. Nafunga mabano.

Jina la Mungu lenyewe lilikuwa mahali pa kwanza pa mvutano, ingawa wengi hawakuutambua. Wamisionari walichukua neno Kyala. Lakini Kyala, kwa maelezo aliyoyakusanya Monica Wilson kwa wazee, alikuwa pia shujaa wa kale mwenye mahali pake pa tambiko kando ya ziwa, karibu na Ikombe, mbali kidogo tu na Makwale. Yeye alishikilia kwamba kabla ya misioni Kyala hakuwa Muumba wa vyote, na kwamba maana hiyo imekua pamoja na Ukristo. Si wote walioafiki. Wapo waliosema kwamba Wanyakyusa walimjua Mungu mmoja tangu zamani na wamisionari walimkuta tayari. Mimi naona kwamba kwa miaka mingi jina hilo lilitamkwa na watu wawili waliokaa benchi moja, kila mmoja na lake moyoni, na ibada ikaendelea. Huenda hiyo ndiyo khitilafu iliyoishi kwa amani kuliko zote, kwa kuwa haikuulizwa.

Iliyoulizwa ilikuwa ni mitala.

Sisi wa pwani ni rahisi kwetu kulipita jambo hili haraka, kwa kuwa sheria yetu imekwisha lisemea. Kwa Wakristo wa Kyela halikuwa jambo la kupita. Makanisa ya misioni yalisema kwamba mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja hatabatizwa mpaka abaki na mmoja, na aliyekwisha batizwa akioa wa pili atawekwa marudini, yaani atatengwa na Meza ya Bwana. Agizo hili halikuzuka Rungwe. Askofu Colenso wa Natal alikuwa amelipinga tangu mwaka 1855, akasema kwamba kumlazimisha mtu awafukuze wake aliowaoa kihalali kwa desturi yao ni dhuluma kwa wanawake hao na watoto wao; wenziwe hawakumsikiliza. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth, London, waliamua kwamba mwenye mitala asibatizwe, ila wake zake waweza kupokewa katika hali fulani. Walutheri na Wamoravian hawakufungwa na mkutano huo, lakini njia yao ilikuwa ni ileile.

Tazama sasa ilivyokuwa Kyela. Mnyakyusa alioa kwa ng'ombe. Ng'ombe hao walitoka kwa baba na nduguze, wakaenda kwa ndugu wa mke, wakaoza tena wengine. Ndoa moja ilikuwa fundo katika wavu. Kumrudisha mke ni kudai ng'ombe, na kudai ng'ombe ni kuvunja ndoa nyingine mbili au tatu. Watoto walibaki kwa baba, na mama aliyerudishwa alikwenda kwao bila wao. Tena ilikuwepo desturi ya kurithi wajane. Ndugu akifa, mdogo wake humchukua mjane na kuwalea watoto. Mwanamume mwema wa kanisa, mwenye mke mmoja, msoma Biblia, angeweza kuamka siku moja baada ya matanga ya kaka yake akawa na wake wawili, na sababu yake si tamaa bali ni kutimiza wajibu alioachiwa na marehemu. Jumapili iliyofuata hakuruhusiwa kula.

Hapo ndipo mambo mawili yalipogongana. Mtu huyo alikuwa amefundishwa na baba yake kwamba kula pamoja ndiko kunakomfanya mtu kuwa mtu. Kanisa nalo lilimfundisha kwamba meza ile ndiyo kiini cha ushirika. Kisha likamwambia akae kando.

Sitaki kueleweka kwamba kanisa lilikuwa na ukatili mtupu. Wako wanawake walioukimbilia Ukristo hasa kwa ajili ya sheria hiyo. Binti aliyeahidiwa kwa mzee mwenye wake wanne, au mjane asiyetaka kurithiwa, alipata mahali pa kusimama na kusema hapana. Wanaume waliosimulia historia hii wamelitaja hilo kwa ufupi mno.

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilifika huko, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mto Songwe, wakayachukua makanisa yao hadi Wajerumani walipoanza kurudi mwaka 1925. Kwa miaka kama tisa Walutheri na Wamoravian wakawa chini ya uangalizi wa Wapresbiteri, na mstari uliopigwa kwa damu nyingi ya wino mwaka 1891 ukafifia bila mtu kufa. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba Wakristo wenyeji walipata kuona kwamba mafundisho ya wazungu nayo yana khitilafu ndani yake, na kwamba wazee wao wenyewe wanaweza kulishika kanisa.

Livingstonia yenyewe ilikuwa na moto wake. Kati ya mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana alikuwa amebatiza maelfu kaskazini mwa Nyasaland kwa jina la Watch Tower, bila kuwangojesha miaka kama misioni ilivyofanya, hata serikali ikamhamisha. Yesaya Zerenji Mwasi, mmoja wa wachungaji watatu wa kwanza wenyeji waliowekewa mikono Livingstonia mwaka 1914, aliondoka mwaka 1933 akaanzisha kanisa lake, na aliandika sababu zake kitabu kizima. Katika miaka ya mwisho ya 1920, Wakristo waliosomeshwa na misioni hiyo walianzisha African National Church, kanisa lililowapokea wenye mitala kwa ubatizo na kwa Meza. Likavuka mpaka likaingia Rungwe na tambarare ya Kyela, na waliojiunga hawakuwa washenzi waliokataa Injili, kama baadhi ya wamisionari walivyopenda kuandika. Wengi walikuwa ni wale waliokuwa wamekaa kando.

Kanisa hilo halikuwa kubwa kwa idadi. Lakini lilisema wazi kile ambacho wengine walikibeba kifuani: kwamba Ibrahimu na Yakobo walikuwa na wake wengi na Mungu aliwaita rafiki zake, na kwamba kumtenga mtu na chakula kwa kosa la kumlea mtoto wa marehemu ni jambo gumu kulielewa. Kwa mizani ya Wanyakyusa, hayo yalikuwa ni kupuliza maji. Je, walifanya vyema kuondoka? Mimi nasita. Kutoka kwao kuliwanusuru wao na uchungu, lakini kuliliacha kanisa la misioni bila watu ambao wangeweza kulibishia kutoka ndani, na hoja yao ikawa hoja ya jirani badala ya hoja ya ndugu. Na hilo la wanawake walilinyamazia kama wengine.

Hata hivyo kulikuwa na mahali ambapo hapakuwa na kuondoka, napo ni mazikoni. Godfrey Wilson aliandika mwaka 1939 juu ya desturi za maziko ya Wanyakyusa: kilio cha wanawake, ngoma, wanaume wakicheza na mikuki, ng'ombe wakichinjwa na nyama kugawanywa kwa kila anayestahiki fungu. Wakristo walikatazwa kucheza. Waliimba tenzi. Basi aliyefiwa na baba mpagani, yeye Mkristo na mdogo wake si Mkristo, alikuwa na ngoma upande mmoja wa uwanja na tenzi upande mwingine. Hakuna aliyeweza kutofika, kwani kutofika mazikoni ni kukiri kwamba umefurahi. Kwa hiyo walijifunza kupeana nafasi. Waliimba hawa, wakapumzika, wakapiga ngoma wale. Nyama iligawanywa yote mara moja.

Kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, hapo ndipo hekima ya kuishi na khitilafu ilipopatikana katika nchi ile, na haikutoka kwenye mkutano wowote wa viongozi. Leo mikuki imepungua na kwaya zimeongezeka, lakini utaratibu ni uleule: kwaya ya usharika itaimba, kisha ya ushirika, kisha ya Wapentekoste wa mtoto wa mwisho, na mchungaji wa huyu atavumilia maombi marefu ya yule. Wali hupikwa sufuria moja.

Yaliyoshindikana kuvumiliwa yalikuwa mengine. Mwaka 2022 Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo Kyela imo ndani yake, ilipasuka mbele ya macho ya nchi nzima hata mkutano mkuu ukamwondoa askofu madarakani. Ugomvi haukuwa juu ya Utatu, wala ubatizo, wala mitala. Ulikuwa juu ya makao makuu: yabaki Tukuyu au yahamie mjini Mbeya. Watu waliokaa miaka mia wakikhitilafiana juu ya mbingu hawakuweza kukhitilafiana juu ya ofisi. Sisemi hivi kwa kejeli. Mahali ofisi ilipo ndipo watu wanapokutana na kula, na kila upande ulihisi kwamba unanyang'anywa sinia.

Mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana walikutana tena Lambeth, miaka mia kamili baada ya uamuzi ule wa kwanza, na safari hii Waafrika walikuwa wengi miongoni mwao. Walikubali kwamba mtu mwenye mitala aliyeamini aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, asilazimishwe kumwacha yeyote, ila aahidi kutoongeza. Ni karibu neno kwa neno yale aliyoyataka Colenso. Uamuzi huo ni wa Waanglikana na hauwafungi Walutheri wala Wamoravian wa Kyela. Wazee waliowekwa marudini katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kuwarithi wajane wa kaka zao walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani, na kwaya za makanisa yaliyowaweka kando zilikuwa zimefika mazikoni kuwaimbia.